Kapu Lisilopenda Sufuria Ndogo

Mwezi wa saba Bujumbura kuna baridi. Watu wa Ulaya wakisikia hivyo watacheka, na wacheke, maana hawajakanyaga sakafu ya sementi ya nyumba ya mtaa wa Nyakabiga alfajiri, wakati upepo wa kiangazi umeteremka milimani na kupita chini ya mlango bila kupiga hodi. Mwaka ule ulivuma hata jogoo wa jirani akawa anawika kutoka ndani ya banda, kichwa kikiwa chini ya bawa. Anayebisha amwulize jogoo.

Katika nyumba moja ya hapo alikaa Waridi, mjane wa Uthmani fundi wa magari. Vyumba vitatu, mtu mmoja. Binti yake wa pekee, Khadidja, aliolewa Maskati, na huko akapata watoto ambao bibi yao aliwajua kwa sauti za simu tu. Ndugu aliyebaki karibu ni mdogo wake Thabit, muuza vitambaa, mwenye nyumba kubwa Gihosha. Huyo alikuja kila Ijumaa baada ya swala, bado ananukia udi, na neno lake lilikuwa lile lile.

"Dada, twende nyumbani. Chumba kiko tayari."

"Kile cha nyuma, chenye dirisha la kutazama ukuta?"

"Ukuta una ubaya gani? Hautakusema."

"Na mi nitapika wapi?"

"Kupika? Aya ana mupishi. We utakaa, utakula."

Hapo ndipo Waridi alipokataa. Mkewe Thabit, Aya, hakuwa mtu mbaya, lakini mwanamke aliyewasha moto wake mwenyewe miaka arobaini hawezi kukaa akingoja sahani ya mwenzake kama mgonjwa. Nyumba ni ya yule anayeshika mwiko. Hilo alilijua kabla hajaota meno ya pili.

Basi mafuta ya magari yakaadimika mjini, malori ya makaa yakaacha kushuka, na gunia likapanda bei hata watu wakawa wanaliamkia. Waridi alibaki na gunia moja, tena limeshapungua. Thabit akalichungulia, akaona nafasi yake imefika.

"Sikiliza, dada. Ijumaa yoyote nikija nikute mbabura imelala na hakuna kitu cha moto humu ndani, unafunga nyumba. Mutu mwenye hana moto hana nyumba. Tumepatana?"

"Tumepatana," akasema Waridi. Alipenda kushindana tangu utoto, hata pale alipojua atashindwa.

Usiku huo akafikiri. Mbabura, lile jiko dogo la makaa, lilikula ndoo nzima kwa sufuria moja ya maharage. Akakumbuka pilau ya harusi ya binamu yake Houda, namna ilivyofungwa ndani ya mablanketi matatu ikasafirishwa mpaka Rumonge, mwendo wa saa mbili kwa gari, na waliofunua huko waliungua vidole. Kama blanketi liliweza kubeba moto mpaka Rumonge, litashindwaje kuubeba kutoka asubuhi mpaka adhuhuri?

Akachukua kapu kubwa la ndizi. Akalijaza majani makavu ya mgomba na pamba ya godoro lililokufa, akaacha shimo katikati. Mfuniko ukawa koti la marehemu, lile la kupandia milima ya Bugarama kwenye magari yaliyoharibika. Koti lilikuwa zito hata siku moja, wanasema, lilisimama peke yake mlangoni, na mwizi akaliamkia shikamoo.

Asubuhi akachemsha kisufuria cha maharage ya mtu mmoja, akakitumbukiza kapuni, akazima makaa kwa kuyafunika. Adhuhuri akafunua. Maji vuguvugu, maharage magumu ya kuvunjia kioo cha lori. Kesho yake vilevile. Akaongeza pamba, akaongeza kanga mbili. Vilevile.

Siku ya nne alikosea kipimo, akajaza sufuria kubwa, ile ya watu wanane. Adhuhuri mvuke ulimpiga usoni. Maharage yalikuwa laini kama siagi. Akakaa chini, akalitazama kapu, akaelewa. Moto mdogo ukiachwa peke yake hupoa. Kapu halikumpenda mtu mmoja. Lilitaka nyumba iliyojaa.

Haya, atajaza. Lakini nani atakula? Kugawa chakula kila siku ni kukiri kwamba huna wa kula nawe. Waridi akachukua bakuli, akaenda kwa jirani, Dative, mama wa watoto watano na ulimi mmoja uliotosha wote.

"Haya mabaki," akasema. "Nina wageni."

"Wageni gani tena, Mama Khadidja?"

"Shemeji yangu wa Uvira. Anakula kwa mikono miwili. Jana amemeza mfupa, nikausikia unashuka."

"Mungu wangu. Na bado amebakiza?"

"Leo anaumwa meno."

Kila siku wageni waliongezeka. Akaja mke wa shemeji, mnene hata ikabidi aingie ubavu. Akaja shangazi asiyelala. Dative alipokea bakuli, watoto wakala, naye akasikiliza. Siku moja akasema taratibu, "Wageni wako hawaachi viatu mlangoni."

"Ni watu wa heshima. Wanaviingiza ndani."

"Sawa, mama." Dative akalifuta bakuli kwa kitenge, akalirudisha. Hakuuliza tena, na huko kutouliza kulimchoma Waridi kuliko swali.

Jioni ndizo zilizokuwa mbaya. Zamani makaa ya chakula cha usiku yalibaki yakipasha moto ukumbi, mlango umeachwa wazi kidogo ili hewa mbaya itoke, naye akikaa karibu akisikia yanavyolia. Sasa moto ulilala kabla jua halijapanda. Aliziba matambara chini ya mlango, akavaa soksi za Uthmani, na maji ya udhu aliyoyahifadhi kapuni yakamngoja alfajiri yakiwa bado na ujoto. Gunia halikupungua hata nusu. Alikuwa anashinda.

Ijumaa Thabit akaja. Akapita moja kwa moja hadi uani, akaweka kiganja juu ya mbabura. Baridi. Akachokoa majivu kwa kijiti. Baridi. Akacheka, akavua kofia, akajipepea.

"Dada, fungasha. Gari iko nje."

"Kaa kwanza. Umetoka mbali."

Akamwekea sahani, akavuta lile kapu, akaondoa koti, akafunua sufuria. Mvuke ukajaa chumba. Thabit hakuamini, akatia kidole, akakitoa upesi na kukinyonya kama mtoto.

"Moto uko wapi?"

"Ulikuwepo saa kumi na mbili. Ukaenda zake."

Alikula sahani tatu. Kisha akaliinamia gunia, akalipima kwa macho, akamgeukia dada yake. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hujua mzigo ulioshindikana.

"Basi. Umenishinda," akasema. "Sitakusumbua tena. We unajitosha."

Waridi akamsindikiza mpaka garini, akicheka. Aliingia ndani bado anacheka.

Ijumaa iliyofuata akajaza sufuria mapema, akafagia, akatandika mkeka. Swala ikaisha. Watu wakapita barabarani wakiongea, wakapungua, wakaisha. Alasiri akampigia Thabit simu.

"Dada? Kuko shida?"

"Apana. Nimekusalimu tu."

"Makaa yako iko?"

Akageuka akalitazama gunia. Angeweza kusema limekwisha. Neno moja tu, na gari lingekuwa mlangoni kabla ya magharibi, na chumba cha nyuma, na dirisha, na mwiko wa Aya.

"Iko," akasema. "Iko nyingi."

"Alhamdulillahi. Nilijua uko sawa. Niko na wateja, dada, tutaongea."

Akaweka simu chini. Akafunua kapu, akapakua sahani moja. Maharage yalikuwa ya moto mno kuliwa, ikabidi akae asubiri yapoe.