Mchumba Aliyefanya Kazi Kwenye Meli Asiyoijua

Siku ya posa yangu, bia zilikaa katikati ya sebule bila kufunguliwa kwa sababu ya bwawa la kuogelea.

Na hilo bwawa lenyewe liko kwenye meli ambayo hakuna mtu hata mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kuigusa kwa mkono.

Chekeni tu. Siku ile mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na kisu mkononi, namenya kiazi, na nilikimenya hicho kiazi mpaka kikabaki kama punje ya hindi.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana kule Kimanga, mtaani kwetu, kuna watu wanaisimulia hii habari vibaya, tena kwa makusudi.

Naitwa Honorine. Nasuka nywele. Kibanda changu kilikuwa kimeshikana na cha kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, Frédéric, fundi wa simu.

Frédéric ana televisheni kubwa ukutani, na humo huoni mpira wala filamu. Ni meli tu. Zile meli za anasa ambazo watu wanalipa ili wazunguke baharini, wale, wacheze, warudi walikotoka.

Wateja wake wamegawanyika kama mashabiki wa timu. Majina ya Kizungu yaliwachosha, wakazibatiza meli upya.

Kuna Kijiji. Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Ina barabara ndani, ina maduka, ina miti inayoota kweli kweli, na watu wanateleza kwenye barafu huku nje jua linaunguza. Mabwawa ya kuogelea usiseme. Frédéric ni wa Kijiji, na ukimgusa hapo mnagombana.

Kuna Madame. Nyeusi chini, nyeupe juu, ya kizamani kidogo. Jioni wanawake wanavaa magauni ya kuburuta, wahudumu wanavaa glovu, na mbwa wa matajiri wana vyumba vyao na mtu wa kuwatembeza.

Baba mkubwa Antoine, aliyetengeneza injini za boti pale bandarini Kalundu mpaka mvi zikamtoka, yuko upande wa Madame.

"Kijiji iko soko," husema. "Madame ndiyo bateau, ndiyo meli."

Yangu mimi ni Sindano. Ndogo, nyembamba, haina kelele. Inaenda kule kwenye mabarafu mpaka dunia inakaribia kuisha, na dirisha la chumba ni ukuta mzima. Unaamka, nyangumi huyo hapo, na wewe bado umejifunika shuka.

Wenzangu wananiuliza, meli gani hiyo ya kulipia baridi? Mimi nilichotaka ni kufika mbali.

Lazima niseme ukweli: moyo wangu hautulii, na haukuanza jana. Ziwa lilipopanda likala nyumba yetu kule chini, mama alilia, Frédéric alilia, na mimi nilikuwa nimeshafunga begi. Halafu tukahamia Kimanga, hapo hapo Uvira. Nilisikitika kuliko wote.

Sasa, siku moja akaja kijana na simu yenye kioo kilichopasuka. Mrundi wa bonde la Ruzizi, mkulima wa mpunga kutoka Lubarika, anaitwa Itangishaka.

Banda zima lilikuwa linabishana, Kijiji huku, Madame kule. Yeye ametulia tu, anatazama barabara.

Nikamchokoza. "Weye, bateau hazikufurahishe?"

"Nilifanyaka kazi ndani ya moja," akasema.

Akalipa, akachukua simu, akaenda zake.

Wee! Roho yangu iliruka. Mtu wa Lubarika, mwenye matope ya mpunga kwenye viatu, amekwenda hadi baharini akarudi, na wala hajigambi?

Baada ya hapo simu yake ikawa inaharibika kila wiki. Frédéric akafurahia biashara, wala hakuona kwamba huyo mteja anaipa televisheni mgongo na kunitazama mimi.

Itangishaka si mtu wa maneno mengi. Alinieleza kwamba alikwenda Mombasa kutafuta maisha, akaandikwa kazi kwenye meli, na baba yake alipougua akarudi nyumbani. Basi, akaishia hapo.

Yaliyobaki niliyajaza mwenyewe. Nilimwona amesimama juu kabisa, shati jeupe, upepo unampiga kifuani. Nilimwona akirudi kule siku moja, na safari hiyo mimi niko pembeni yake. Nilijipikia mwenyewe, nikajipakulia, nikala.

Ndiyo tukafika kwenye ile siku.

Kwetu bia ya posa haifunguliwi ovyo. Wageni wanaleta kaziye zao, yaani kreti za bia, zinawekwa katikati, wazee wanaongea. Mwishoni binti anaitwa, anaulizwa swali moja tu mbele ya wote: tukunywe ao tusikunywe?

Akisema mukunywe, mambo yamekwisha. Akinyamaza, kaziye zinarudi zilikotoka, na aibu inapanda gari pamoja nazo.

Mchumba mwenyewe hasemi kitu. Anakaa, anatazama magoti yake, mkubwa wake anamsemea. Upande wao alisema Papa Libérat, baba yake mdogo, katekista mwenye sauti ya upole.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Frédéric alipofungua mdomo.

"Papa Libérat, pardon," nilimsikia kutoka kule nyuma. "Huyu beau-frère, shemeji yetu, banasema alifanyaka kazi ndani ya bateau kubwa. Ni bateau gani?"

Papa Libérat hajui, basi Itangishaka mwenyewe akataja jina.

"Eh! Ni Kijiji! Iko Kijiji yangu!" Frédéric alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Sebule ikachangamka. Mimi nikatabasamu na kiazi changu.

"Basi tuambie, beau-frère. Piscine ziko ngapi?"

Ndiyo hayo mabwawa ya kuogelea.

"Sijue," akasema Itangishaka.

"Hujue? Bon. Ile toboggan ya kuteleza mpaka ndani ya maji, ya rangi ya machungwa, inaanzia ghorofa gani?"

"Sijue."

"Na miti je? Ile miti ya ndani iko ya aina gani?"

"Kuko miti?" akauliza Itangishaka.

Ndugu zangu, nilichoka. Kisu kilianguka chini, wala sikuinama kukiokota.

Baba mkubwa Antoine akakohoa. Nikajua kinachokuja.

"Minye niko muntu wa bateau," akasema. "Hata mutoto wa kutoa maji ndani ya bateau, anajuaka kila ubao. Anakula na abiria, analala juu ya magunia na abiria. Weye unasema ulifanya kazi kule, hujue hata kama kuko miti? Njia ya muongo iko fupi, mwanangu."

Hapo lazima mumwelewe. Kwetu ziwani boti ni sehemu moja. Fundi, nahodha, mama wa dagaa, mbuzi, unga wa muhogo, wote mnaonana uso kwa uso kutoka Kalundu mpaka Baraka. Mtu aliyefanya kazi kwenye chombo asikijue? Hajazaliwa.

Kwa hiyo maneno yake yaliingia. Hata kwangu yaliingia, na yaliniuma.

Nikaanza kuzunguka ua. Nikaosha sufuria safi. Nikafunga kilemba, nikafungua, nikafunga tena. Sikujua kama namkasirikia yeye, Frédéric, au mimi mwenyewe niliyependa shati jeupe nisiloliona.

Tante Léocadie, dada ya baba, akatokea mlangoni na uso wa msiba.

"Kuya ndani, banakuita," akaninong'oneza. "Ukiingia unyamaze tu. Tutarudisha bia yabo na heshima."

Nikaingia.

Kumbe Frédéric hakuridhika. Alikuwa amemwekea Itangishaka simu mkononi, video ya Kijiji inacheza.

"Tuonyeshe. Ulikuwa wapi?"

Nikautazama uso wa yule mwanaume. Macho yamemtoka, mdomo wazi kidogo, hapepesi. Alikuwa anaiona ile meli kwa mara ya kwanza. Hilo halikuhitaji mwalimu. Wazee wakaanza kuguna, Papa Libérat akafunika uso na kofia yake.

Kisha Itangishaka akaweka kidole kwenye kioo.

"Hizi mataulo," akasema polepole.

Walicheka! Frédéric alicheka mpaka akajishika mbavu. Meli yote ile, mabwawa yote yale, na mtu anaonyesha mataulo yaliyotandikwa kwenye viti.

Baba mkubwa akanyoosha mkono, watu wakanyamaza. Akanigeukia.

"Honorine, binti yetu. Wageni umewaona. Tukunywe ao tusikunywe?"

Tante akanifinya kiwiko. Nilichotakiwa ni kunyamaza, na kunyamaza hakunishindi, mtu akinipa sababu. Lakini ule uso ulinikaa. Binti haulizi swali siku ya posa yake, yeye ndiye anayeulizwa. Mimi niliuliza.

"Weye," nikamwambia, "ndani ya ile bateau mikono yako ilikuwa inafanya nini?"

Tante akasema "Yesu!" kwa sauti ya chini.

Itangishaka aliacha kutazama magoti.

"Kufula," akasema. "Tulikuwa chini, kule maji inapiga ukuta. Hakuna dirisha. Mashuka, mataulo, vitambaa vya meza. Vinashuka vichafu, tunavipandisha vimekunjwa. Juu, kwa abiria, hatukuwe na ruhusa."

Hakuna aliyecheka.

"Piscine sikuione hata siku moja. Nilikuwa najua iko, sababu mataulo ilikuwa inakuya na harufu ya dawa ya maji. Bahari ikichafuka, najua kwa mashuka, sababu batu banatapika. Kukiwa fête, sherehe, najua kwa vitambaa, divai imejaa. Hivyo ndiyo nilijua ile bateau."

"Na jua?" Tante aliuliza, na nadhani hakupanga kuuliza.

"Jua tulikuwa tunaona siku ya kufika port, mama. Si kila port."

Baba mkubwa akasugua goti lake. "Sasa juu ya nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Muliniuliza piscine, papa."

"Na huyu binti? Naye hukumuambia?"

Itangishaka akanitazama moja kwa moja. "Yeye alikuwa anaipenda ile bateau kuliko minye. Niliogopa kuivunja."

Sitawadanganya. Moyo wangu ulianguka. Hakuna shati jeupe, hakuna upepo. Kuna chumba chini ya maji na mlima wa mashuka ya watu. Na mimi, kweli kabisa, nilikuwa nimeipenda meli kwanza, yeye baadaye.

"Utarudi kule siku moja?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Hata kama ni weye unaniomba."

Basi, mambo yakawa wazi. Kusema mukunywe ni kusema Lubarika, mpunga, mifereji, na kondoo wa baba mkwe. Bahari kwaheri. Kunyamaza ni kubaki na Sindano yangu ukutani kwa Frédéric na kungoja mwingine aje na meli nyingine. Miguu yangu ilikuwa inautaka mlango, nawaambia.

Nikamtazama Frédéric. "Yaya, kuangalia hizi video kwako, ni pesa ngapi?"

"Pesa gani? Iko bure."

"Na huyu alikuya kwako mara mingi, ao hapana?"

"Mara mingi," akakubali. "Simu yake iko mubovu sana."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza haraka.

"Basi papa mukubwa, unisamehe," nikasema. "Muntu wa kudanganya angekaa pale siku moja tu. Leo angewahesabia piscine zote, na miti, na jina ya kila muti, na mungekuwa muko mwisho wa kaziye ya kwanza. Muongo angejua."

Nje mtu alikuwa anaita wateja wa maandazi, tukamsikia mpaka akapita.

Baba mkubwa Antoine alisogeza kiti chake akanielekea. Nilifikiri atanifukuza.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Swali langu hukujibu. Tukunywe ao tusikunywe?"

Sindano ilipita kichwani mwangu, na nyangumi wake, na dirisha lake. Ikaenda.

"Mukunywe."

Tante Léocadie ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, yule yule aliyekuja kunifundisha kunyamaza. Papa Libérat alifanya ishara ya msalaba mara mbili. Frédéric akafungua chupa ya kwanza kwa meno kwa sababu ya aibu, na hiyo chupa akampa Itangishaka.

Bia zilipoanza kupanda, baba mkubwa akamsogelea mkwe wake mpya. Tabia haina dawa.

"Sasa niambie, weye muntu wa ndani. Kijiji ao Madame, gani iko muzuri kupita?"

"Papa, Madame sikuifule," akajibu Itangishaka. "Na Kijiji, nilianza kuipenda siku nilishuka."

Yule mzee alicheka mpaka tukampiga mgongoni.

Leo nawaandikia kutoka Lubarika. Msidhani moyo umetulia. Kuna siku nasimama kwenye tuta la shamba, naangalia barabara ya Kamanyola, na natamani kuondoka hata bila mkoba. Mume wangu ananiona, anajua, ananiachia nafasi. Halafu naingia ndani kupika.

Ninachotaka mchukue ni hiki. Mwenye majibu yote siku ya posa amejiandaa, tena vizuri. Lakini mtu anayesema "sijue" mara mbili mbele ya wakwe, huku bia imewekwa na aibu inamsubiri mlangoni, huyo kabla hamjamrudisha, muulizeni tena, na safari hii muulizeni kuhusu yeye.

Mimi ilibaki kidogo tu ninyamaze.