Namba ya Shangazi

Shangazi yangu hajawahi kuiacha simu ilie mara tatu. Ikilia ya kwanza anajifuta mikono, ya pili anasafisha koo, na kabla ya ya tatu ameshapokea: "Mapokezi, habari za saa hizi." Hata kama ni jirani tu anauliza kama na kwetu umeme umekatika.

Alikaa kwenye swichibodi ya hospitali kubwa miaka thelathini na moja, na alichojivunia kuliko vyote ni kwamba hakuwahi kumpitisha mtu mbele ya wengine kwa kujuana. Siku niliyozaliwa, baba yangu, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, alipiga kuuliza kama ni wa kike au wa kiume. Shangazi aliitambua sauti vizuri sana. Akamwambia, "Subiri kidogo, nakuunganisha," akamweka nyuma ya watu kumi na mmoja. Baba anasema mpaka anapata jibu mimi nilikuwa nimeshanyonya mara mbili. Kisa hiki husimuliwa kwetu kila ndugu wakikusanyika, na Shangazi hajawahi kuomba radhi. Kazini walimpachika jina la Subiri, naye akalipenda.

Kisha hospitali ikanunua mashine. Ukipiga, sauti ya kurekodiwa inakwambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Shangazi akaagwa kwa keki na saa ya ukutani, akahamia kwetu, chumba kilichopakana na changu. Wiki za mwanzo alikuwa akiipigia ile mashine ili abishane nayo. "Hujanisalimia," nilimsikia akiiambia. "Mgonjwa unamwambia abonyeze, salamu hujampa?" Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikamwonea huruma.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kutengeneza programu na kazi sina. Tuliambiwa waajiri hawataki cheti, wanataka kuona ulichotengeneza. Basi nikatengeneza Nipo. Unajaza fomu, inakutolea ukurasa wa mtandaoni wenye kazi zako, na pembeni inakuwekea orodha ya sehemu ulizoomba na tarehe za kuwakumbusha. Niliiacha wazi kabisa: anayetaka aichukue bure, aichokonoe ndani atakavyo, na akiona kosa anitumie rekebisho, niamue kulikubali au kulikataa. Ndani ya miezi miwili wanagenzi mia tatu walikuwa wanaitumia, wengine wako mbali hata saa zao na zetu hazilingani.

Kosa lilikuwa kwenye mfano. Fomu tupu inatisha, kwa hiyo niliijaza taarifa za mtu wa kubuni, mtu aone inavyokuwa kisha aweke zake. Jina nikabuni, picha nikachora. Nilipofika kwenye namba ya simu uvivu ukanishika, nikaweka namba pekee niliyoikariri, ya Shangazi. Chini yake nikaandika kwa herufi nene: BADILISHA NAMBA KABLA YA KUCHAPISHA. Nimejifunza baadaye kwamba herufi nene ndizo hazisomwi kabisa.

Simu ya kwanza iliingia Jumanne asubuhi nikiwa napiga mswaki. Shangazi alikuja mpaka mlango wa bafu, simu kaiziba kwa kiganja.

"Kuna mtu anamtafuta kijana fulani kwa ajili ya kazi. Anasema namba yangu iko kwenye ukurasa wake. Huyo kijana ni wa kwetu?"

Nilikimbilia kompyuta, povu mdomoni. Nikaona. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimweleza nikijua fika kwamba nitasemwa mpaka jioni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo zitaendelea kuingia?"

"Narekebisha leo leo, Shangazi."

"Haraka ya nini, mama?" Akairudia simu. "Asante kwa kusubiri. Mhusika yuko kwenye mkutano. Naomba nichukue ujumbe."

Kesho yake alitoa sketi zake za kazi kabatini, akazipiga pasi. Akanunua daftari kubwa na kalamu mbili, nyeusi ya wapigaji na nyekundu ya hukumu. Utaratibu ulikuwa mmoja kwa wote: anaandika nani kapiga na anamtafuta nani, kisha anamtumia kijana barua pepe, kwa kuwa anwani hiyo Nipo huijaza yenyewe mtu anapojisajili, hakuna wa kuisahau. Mimi kama mwenye programu alinitumia nakala ya kila ujumbe, pamoja na dua za asubuhi na maonyo kuhusu matapeli. Siku ya tatu nilizielekeza barua zake zote kwenye folda ya pembeni ambayo siifungui. Sijivunii hilo.

Waajiri walikiona cha moto. "Likizo siku ngapi? Ofisini kwenu maji yapo? Na huyo bosi, akikasirika anafokea watu?" Mmoja alimkatia simu, mbele ya jina la kampuni ikaingia kalamu nyekundu: HAWAFAI. Vijana nao hawakusalimika. Aliwaomba namba zao kwa barua pepe, akawapigia mmoja mmoja kuwanoa. "Ukipokea taja jina lako. Usiseme 'eeh'. Eeh ni nani?" Na kazi wakapata! Kijana mmoja aliyeanza kujifunza juzi tu alipiga kushukuru huku analia, na Shangazi akamsubirisha kwanza, maana kulikuwa na simu nyingine.

Mimi nilikuwa nimeomba kazi sehemu arobaini na mbili. Simu yangu niliiweka dirishani ambapo mtandao unashika, ikakaa pale kama pambo. Baba alikuwa amenipa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ningeenda kuuza vigae dukani kwa baba mdogo, kudumu. Baba mdogo alishajiandaa. Alikuja na aproni ya kijani iliyodariziwa KARIBU NIKUHUDUMIE kifuani, akanivalisha sebuleni mbele ya watu wote ili aone urefu. "Imekukaa," akasema. Sina ugomvi na vigae, lakini usiku wa kuamkia kila siku mpya nilihesabu zilizobaki kwa roho mkononi.

Wivu ulinijaa, nisifiche. Watu wanapata kazi kwa uzembe wa kutosoma maelekezo, mimi niliyeyaandika maelekezo nakaa. Na hapo nilikuwa na dawa mkononi. Wiki mbili nyuma, mtu nisiyemjua kabisa alinitumia rekebisho, mistari mitano tu: Nipo ikatae kuchapisha ukurasa wowote wenye namba ya mfano. Nilikuwa nimeliacha linaning'inia kwa sababu ya zile sketi. Nisingependa kuwa mashine ya pili.

Jumatano ya mwisho wa mwezi, Shangazi alipita kwenye korido akiimba kwa kuwa kampatia kazi mtu wa nane. Ikanifika shingoni. Nikaketi, nikalikubali lile rekebisho. Kisha, kwa kuwa zilibaki siku mbili, nikaufungua ukurasa wangu mwenyewe niongeze kazi moja mpya. Nikabonyeza chapisha.

Nipo ikanijibu kwa maandishi mekundu: "Hujabadilisha namba ya simu."

Nilisoma mara tatu. Ukurasa wangu ndio uliokuwa wa kwanza kutengenezwa, wa majaribio, kutoka kwenye ule ule mfano. Sehemu arobaini na mbili nilizoomba, zote zilikuwa na namba ya Shangazi.

Niliingia chumbani kwake bila kubisha hodi. "Shangazi! Kuna mtu yeyote aliwahi kupiga akinitafuta mimi?"

Akavaa miwani, akafunua daftari, akateremsha kidole. "Wanne."

"Wanne! Na hukuniambia?"

"Nilikuandikia barua pepe. Mara nne. Nakala ninazo."

"Shangazi, mimi nalala hapo! Ukigonga ukuta nasikia!"

"Ukuta?" Alinitazama juu ya miwani. "Wenzako wote nimewaandikia, wewe nikugongee ukuta kwa sababu ni mtoto wa mdogo wangu? Baba yako mwenyewe alisubiri watu kumi na mmoja."

"Hata mezani hukugusia?"

"Simu ya mtu haizungumzwi mezani. Nikaona huwajibu, nikasema moyoni, mtoto ana maringo huyu, kazi nne anazikalia kimya. Nimekasirika nawe wiki nzima, hukuona nimeacha kukumiminia chai?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani chai imepanda bei. Nikakaa kitandani kwake na machozi yakanitoka waziwazi, nikamweleza yote, folda ya pembeni, aproni, na wivu wangu pia, kwa kuwa nilishaanza. Alipigwa na butwaa kwenye folda tu. "Hata zile dua?" akauliza.

"Hata dua, Shangazi."

Akaguna. Kisha akafunua tena daftari. Watatu kati ya wale wanne walikuwa wameshaajiri wengine. Wa nne alikuwa na mstari mrefu wa alama ndogo ndogo. "Huyu sikumwachia," alisema. "Anauliza vizuri, ofisi ina maji, hafokei. Kila baada ya siku mbili nampigia namwambia mhusika bado yuko mkutanoni."

"Tangu lini?"

"Siku ya kumi na moja leo."

Alinyoosha sketi, akakaa wima, akapiga. "Mapokezi, habari za saa hizi. Yule uliyekuwa unamsubiri ametoka mkutanoni. Subiri kidogo, nakuunganisha." Akanipa simu, na kwa midomo bila sauti akaniambia: taja jina lako.

Nilitaja. Yule mama wa upande wa pili alicheka. "Huo mkutano wenu ulikuwa wa kupatanisha mataifa?" Alhamisi nikaenda kuhojiwa. Waliniuliza kosa kubwa nililowahi kulifanya kazini, na sikuhitaji kufikiri. Walicheka hadi mmoja akatoka nje. Ijumaa jioni, baba mdogo akiwa ameshafika na aproni yake kwenye mfuko, wakapiga kwa Shangazi. Aliandika ujumbe, akanitumia barua pepe, akasimama mlangoni kwangu akihakikisha naisoma. Naanza Jumatatu. Aproni akaichukua Baba, anaoshea gari.

Lile rekebisho lilifanya kazi yake, hata kurasa za zamani zikadaiwa namba mpya. Wiki iliyofuata daftari halikufunguliwa, na sketi zikarudi kabatini. Siku ya tano nilimsikia kupitia ukuta akiipigia ile mashine ya hospitali, safari hii hakubishana nayo, alisikiliza tu bonyeza moja, bonyeza mbili.

Nilikaa kwenye kompyuta, nikaongeza mistari michache juu ya ile mitano. Sasa Nipo haikatai. Inauliza: "Hii ni namba ya Shangazi. Ungependa akupokelee simu zako?" Chini kuna ndiyo na hapana. Kazi ya kutafuta sina tena, lakini ukurasa wangu bado upo, na wa kwanza kubonyeza ndiyo nilikuwa mimi.