Bangili ya Shanga za Yosia

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni Mbalizi kununua viazi, nikarudi bila viazi. Karibu na wauza nguo alikaa mama mmoja anayetunga shanga, na wakati napita alikuwa anavuta uzi wake juu ya donge la nta. Harufu ile, jamani. Nta ya nyuki ikisuguliwa na uzi hupata joto kidogo, na kinachotoka hapo ni harufu ya asali na moshi kwa pamoja. Nilisimama pale mpaka yule mama akaniuliza kama nataka mkufu. Nilimwambia sitaki, nikageuka, na nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka viazi.

Kwetu Igowole, miaka ile ya sabini, nyumba yetu ilinukia hivyo. Mama yangu alikuwa mtunga shanga. Tulikuwa wakulima kama watu wote, tuna mahindi yetu na kinyungu, bustani ya bondeni ya maharage na njegere, lakini ukungu ukishuka na manyunyu yakakataa kukatika, mama alikaa jikoni karibu na moto, sahani ya bati mapajani, akatunga. Alitunga mikufu ya maharusi na hereni za wasichana, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa shanga za watoto wachanga. Mtoto akidondoka kitovu, mama yake alikuja kwetu amembeba mgongoni, "Kamwene, Mama Lidia," na mama alimpima kiuno kwa uzi, akamtungia ukanda wa misururu mitatu. Lidia ni mimi.

Msidhani lilikuwa pambo tu. Pambo lilikuwa, sawa, lakini ndiyo ilikuwa mizani yetu pia. Mtoto akinenepa, ukanda unambana, analetwa kuongezewa. Mama aliacha mkia mrefu wa uzi baada ya fundo kwa ajili hiyo, maana mtoto anatarajiwa kukua. Akikua sana, ukanda ulifumuliwa, na shanga zake zilirudi kwenye kopo, zikaoshwa, zikaingia kiunoni kwa mtoto mwingine. Kwa mama hakuna ushanga uliopotea. Siku zile dukani ungekuta chumvi leo, kesho hata hiyo chumvi hakuna, sembuse shanga. Ukiangusha moja sakafuni ulipiga magoti mpaka uipate, hata kama ugali unapoa. Mama alisema, "Ushanga ukipotea, na wewe potea," na sina hakika kama alikuwa anatania.

Kazi yangu ilikuwa kutia uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yangu yalikuwa makali, na kuchambua rangi. Nilikuwa na hamu moja tu duniani: bangili yangu mwenyewe. Nilimwomba mama asubuhi, nikamwomba jioni, nilimwomba mpaka baba akasema atanipeleka kwa mkwawa wa shanga, mfalme wao, huko aliko ili nyumba ipate amani. Jibu la mama halikubadilika. Shanga za kopo ni za watoto wa watu.

Ndipo akazaliwa Yosia, mdogo wangu. Alikuja mnene, na mikunjo mapajani ambayo ilibidi kuifungua kwa vidole ili kuifuta maji baada ya kuogeshwa. Baba alikuwa akimwinua na kuuliza shamba la nani litamtosha huyu. Ukanda wake nilichagua rangi mimi, nyeupe na bluu na nyekundu kidogo, na kila nilipomaliza kuongeza shanga nilijisifu kana kwamba ni mimi niliyemnyonyesha. Alipoanza kukaa alijifunza kuuvuta ule ukanda na kucheka.

Halafu surua ikapita kijijini. Yosia alipona surua, wote tulisema amepona. Lakini baada yake lilikuja tumbo la kuhara, likakatika, likarudi, na mtoto akawa hataki uji wala ziwa. Mama alimbeba kwenda zahanati, akapewa dawa, akarudi naye. Baba akamwomba dereva wa lori awapeleke hospitali, wakalala huko, wakarudi na unga wa maziwa. Unga ule ukaisha.

Asubuhi moja mama alikuwa amemaliza kumwogesha kwenye karai. Alipomsimamisha kumkausha, ukanda uliteremka kiunoni ukasimama mapajani. Mama aliutazama. Akaupandisha kwa kidole, ukateremka tena. Kisha akaniita.

"Punguza, Lidia," alisema. "Usiharibu urembo."

Nilifungua fundo, nikatoa shanga kwenye kila msururu, nikapanga upya ili nyekundu zisikutane. Ilikuwa kazi ya akili, na niliifanya vizuri. Zilizobaki nilizishika kiganjani, nikainuka kwenda kuzitia kwenye kopo. Mama akanizuia.

"Hizo chukua wewe. Anza bangili yako."

Sijui niwaelezeje furaha ile. Nilikimbia nje kumwonyesha baba, nikafungua kiganja. Aliziangalia zile shanga, akaniangalia mimi, akasema ni nzuri. Halafu akachukua shoka akaenda kupasua kuni, na kuni zilikuwa zimepasuliwa tayari, zimepangwa mpaka chini ya paa.

Basi ikawa hivyo. Kila baada ya muda mama aliniita, nami nilipunguza. Ukanda wa Yosia ulifupika na bangili yangu ikarefuka, misururu mitatu vilevile, nimeiga. Nilikuwa naiweka mkononi kila jioni kuona imebakiza kiasi gani ncha zikutane. Ningependa kuwaambia kwamba niliona uhusiano wa vitu hivi viwili. Sikuuona. Nilikuwa mtoto, na mtoto akipewa kitu alichokililia hawezi kuuliza kimetoka wapi.

Tena nilikuwa na dawa yangu mwenyewe. Niliona watoto wanene wote wana ukanda unaowakaa sawasawa, na Yosia peke yake ukanda unamteremka. Kichwani kwangu ikawa wazi kwamba tatizo ni ukanda. Nikikaza vizuri, mwili utashika. Kwa hiyo siku moja nilipunguza zaidi ya nilivyoambiwa, nikafunga fundo kwa nguvu zangu zote. Jioni mama alipomvua nguo alikuta alama za shanga zimeingia kwenye ngozi, safu tatu, kama zimechorwa. Nilisubiri kibao. Hakunipiga. Alikata uzi kwa meno akafunga upya.

"Usimbane, mwanangu," alisema. "Mwache apumue."

Shangazi yetu, dada yake baba, alikuja kutoka Kalenga kusaidia. Mwanamke wa kazi yule, lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Siku moja mama akiwa anamlazimisha Yosia kijiko cha uji wa ulezi, na uji unatoka pembeni ya midomo, shangazi alisema pale pale, huku anachambua maharage, "Sikio la kufa halisikii dawa." Mama alifuta ule uji, akachota kijiko kingine. Methali hiyo watu huitumia kuwasema wabishi, wakacheka. Mimi mtu akiitamka mbele yangu naondoka, hata kama ni harusini.

Baba akirudi shambani aliuliza mtoto ameamkaje. Mama alimjibu kwa sauti ile ile kila siku: leo afadhali, leo amekunywa kidogo. Baba alitikisa kichwa akanawa mikono. Mungu hamtupi mja wake, walisema majirani waliokuja kutuona, na mama aliitikia amina pamoja nao.

Yosia alifariki alfajiri ya baridi, mgongoni kwa mama aliyekuwa anakoka moto. Mama aliendelea kupuliza moto mpaka ukawaka. Ndipo akamwita baba.

Walimzika siku hiyo hiyo, na ukanda wake kiunoni. Wanawake walijaa nyumbani, wamekaa kwenye mikeka, wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa kona moja na bangili yangu. Ilikuwa imebakiza upana wa kidole tu. Nilingoja wimbo uishe, nikaenda mpaka kwa mama aliyekuwa amekaa ameegemea ukuta, nikamwonyesha mkono.

"Mama, zimebaki kidogo tu zitoshe."

Shangazi aliinuka, na nilijua huo mkono unakuja wapi. Alinishika, akataka kuikata ile bangili, akisema mtoto gani huyu asiye na haya, anavaa shanga za marehemu na kuomba nyingine.

"Mwache," mama alisema. "Nilimpa mimi."

Akanivuta karibu. Akazikutanisha ncha mbili za uzi juu ya ngozi yangu, pale pasipo na shanga, akazifunga, akakata mkia. Nikawa na bangili. Niliivaa mpaka ikaoza uzi, na shanga zikapotea moja moja njiani kwenda shule, na safari hiyo hakuna aliyepiga magoti kuzitafuta.

Nilikuja kutunga shanga na mimi, nikiwa mke wa mtu. Mama alikuwa ameshatangulia. Siku moja jirani aliniletea mwanawe, ukanda unamteremka, akaniomba nipunguze. Nikatoa shanga kwenye kila msururu nilivyozoea, nikanyoosha mkono kwenda kwenye kopo, na mkono ukasimama hewani. Sikuweza kuzitia mle. Ni nani angemfunga mtoto wa mwenzake shanga zilizotoka kwenye kiuno kinachoisha?

Nilikaa chini na zile shanga kiganjani, na nikamwelewa mama. Katika maisha yake yote ni shanga za Yosia tu ambazo hazikurudi kwenye kopo. Alijua. Hakujua mwishoni, alijua tangu ile asubuhi ya kwanza, mtoto bado anacheka kwenye karai. Akaendelea kupika uji, kwenda zahanati kwa miguu, kumwambia baba leo afadhali. Hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia. Nami nilikuwa pale pale mbele yake, magoti yetu yanagusana, najipima mkono kuona bado kiasi gani.