Ile Fupi ya Mzee

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msifikiri nataka kuwasifia bunduki. Mimi niliishia darasa la tatu, na mambo ya bunduki sikufundishwa na mtu. Lakini nimekaa na moja ndani ya nyumba yangu hapa Chekalini miaka mingi, na nimeona wanaume wazima wakiitazama kama wanaotazama ng'ombe wa mahari. Nataka mjue waliipendea nini, na jinsi ilivyokaribia kuniharibia watoto.

Ilikuwa bastola ya marehemu mume wangu. Aliinunua kwa kibali kutoka kwa mzungu aliyekuwa anauza shamba arudi kwao, siku zile mzee akisindikiza mishahara ya wakata miwa kule Butali. Ni zile za silinda inayozunguka, chuma cheusi ambacho kwenye jua kinatoa rangi ya samawati, na mpini wa mbao. Ilikula risasi zile kali zinazoitwa magnamu. Lakini mtutu wake haukupita kidole changu cha shahada, kwa hiyo nyumbani hatukuiita bunduki. Tuliiita Fupi. Kila Jumamosi mzee alikuwa anaipakanga mafuta, anazungusha silinda karibu na sikio, anatabasamu peke yake. Nilimwambia mafuta hayo yangefaa zaidi bawaba za mlango wangu wa jikoni.

Ninavyojua, aliipiga mara moja tu. Mbwa mwenye kichaa aliingia uani, mzee akalenga, akatoboa pipa la maji. Moto uliotoka mdomoni mwa Fupi ulikuwa mrefu kuliko Fupi yenyewe. Mbwa alikimbia kelele, si risasi, na kuku wangu wakakataa kutaga.

Mzee alikuwa na rafiki, ofisa mstaafu anayekaa Lurambi. Huyo hukusanya bastola za zamani, ana vibali vyake, na anazifungia kwenye sanduku la chuma. Kila akija kututembelea, kabla hata chai haijamiminwa, anaomba kuiona Fupi. Mzee alikuwa anakataa kumuuzia, naye harudi nyuma. Siku moja nikamuuliza: kitu hiki hakilengi sawasawa, kinaumiza mkono, kinaziba masikio, mnakipendea nini?

Hakukasirika. Alinieleza kwamba baruti ya magnamu ilipimiwa mtutu mrefu, kwa hiyo ukiitia kwenye mfupi, nyingine inawakia nje, ndiyo ule moto. Kwa kazi, alisema, hiyo ni hasara. Lakini fundi wa zamani alikaa akapiga tupa kwa mkono mpaka kila kipande kikalala mahali pake, nguvu yote hiyo ikaingia kwenye kitu cha mfukoni. Yeye na wenzake wanatafuta zile ambazo mbao zake hazijawahi kubadilishwa, ambazo rangi imechakaa mdomoni kwa kuingia na kutoka kwenye ala.

"Mama," akasema, "ile ndefu unaiheshimu. Ile fupi unaipenda."

Nikamwambia hata mimi nilipenda mume mfupi mwenye kelele. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Mzee akatuacha mwaka huu, kabla ya palizi. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, watu wa ukoo hukaa uani, wananyolewa, na vitu vya marehemu vinagawanywa. Koti lina mtu wake, kiti kina mtu wake. Mkuki hupewa mwana atakayesimama kulinda boma. Polisi walikuwa wametuma neno kwamba Fupi irudishwe kwao, maana kibali kilikufa na mwenyewe. Ufunguo wa sanduku la mzee, lililokuwa na Fupi, niliufunga kwenye pindo la leso.

Wanangu ni wawili, na walikuwa hawasalimiani tangu msimu wa kulima. Trekta ya mkubwa ilivuka mpaka wa shamba kwa mtaro mmoja, ikang'oa miti ya alama kwa mdogo. Mdogo alisema mbele ya watu waliokuja kununua maziwa kwamba akipata Fupi, mtaro utarudi wenyewe. Mkubwa naye aliyasema ya kwake. Nilizika mume. Sikuwa na nguvu ya kuzika mtoto.

Baada ya kunyolewa, ndugu ya mzee, ambaye ndiye alikuwa anagawa, akanigeukia.

"Mulamwa, lete mkuki wa ndugu yangu."

Nikamwambia shemeji, ndugu yako hakuwa na mkuki.

"Alikuwa nayo. Ile ya lisasi."

Watu wakacheka, lakini wanangu hawakucheka. Kila mmoja aliangalia pindo la leso yangu. Nikasimama.

"Mkuki ni wa kulinda boma. Huyu mkubwa atajilinda na nani? Na mdogo. Na mdogo? Na mkubwa. Sasa hiyo ni mkuki, ama ni jembe la kuchimba kaburi lingine?"

Mkubwa akasema kwa sauti ya chini kwamba ninawaaibisha mbele ya ukoo. Nikamjibu aibu inaisha.

Yule wa Lurambi alikuwa amekaa nyuma na waombolezaji. Nikamuuliza mbele ya wote, polisi wakimkubalia, atafanya nini nayo. Akasema kwake italala tu, haitapigwa tena. Nikamwambia shemeji kwamba kitu hiki kinamfaa anayependa kilale. Alikuna kichwa chake kilichonyolewa, akasema basi, mkuki wa nyumba hii haugawanywi. Nikampa yule ofisa ufunguo, akafungua sanduku, akaitoa Fupi, akahakikisha haina risasi, akaifunga kwa kitambaa, nami nikaiweka ndani ya kikapu changu cha sokoni.

Obusuma, ugali wetu, ulikuwa umeiva na kuku alikuwa mezani. Nikawaambia wanangu:

"Hakuna anayenawa mikono. Kikapu hiki kina vishikio viwili, kila mmoja ashike chake mpaka kituo cha polisi, na ofisa awatangulie. Mkirudi mpite kwenye mpaka, mpande miti ile pamoja. Halafu mje mle sahani moja."