Kifungu cha Gundi

Wifi yangu ni mwalimu wa kemia, na ana ugomvi na uongo ulioandikwa. Uongo wa mdomo anauvumilia, la sivyo asingedumu na kaka yangu. Siku moja alifungua ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, akakuta makala ya hidrokaboni aromatiki inasema molekuli ya benzeni ina kaboni tano. Aliacha chai ikapoa.

"Sita!" aliikaripia kompyuta. "Sita, tena zimeshikana duara!"

Tangu hapo jioni zake ziliishia pale mezani. Alichora duara upya, akaeleza kwa nini si rahisi kulivunja, akaiweka tolueni, ndugu yake benzeni, mahali pake. Nikienda kuwatembelea nilimtania.

"Wifi, hiyo kazi wanakulipa?"

"Wananilipa maudhi."

Maudhi yalitoka kwa mhariri mmoja tusiyemjua hata sura. Wifi alimbatiza Kifutio, kwa kuwa sentensi yoyote isiyo na chanzo aliifuta. Sheria ya pale ni kwamba unachokijua wewe si kitu. Lazima uonyeshe kitabu kilichokisema.

Walipokorofishana hasa ni kwenye kifungu cha gundi. Kaka ni fundi viatu. Karakana yake ni chumba cha uani, na akipaka gundi hufunga dirisha na mlango, maana vumbi likitua kwenye gundi mbichi soli haishiki. Mgeni akiingia humo macho yanamtoka machozi. Wifi alikuwa amemwambia mpaka mdomo ukachoka kwamba gundi nyingine zina benzeni, na benzeni huharibu uboho, mahali damu inapotengenezwa. Kaka alicheka tu. Baba yetu alishona viatu mpaka uzeeni, alisema, na hakuwahi kuoa mkemia.

Lakini miezi ile kaka alikuwa anachoka kabla ya mchana, na mikono yake ilikuwa na madoa ya zambarau ambayo hakukumbuka aligongwa wapi. Wifi akaandika kwenye makala kwamba mafundi viatu wanaojifungia na gundi wako hatarini. Kifutio akafuta, akauliza: "Chanzo?"

"Chanzo kiko uani, kinakataa kwenda hospitali!" wifi alipiga kelele.

Nilimwambia aachane na Kifutio. Hapo ndipo alipolia. "Wifi, naogopa. Kaka yako ataniacha mjane huku nabishana na watu nisiowajua."

Kesho yake alikwenda maktaba ya chuo cha uuguzi, akarudi na vitabu viwili vya afya ya wafanyakazi. Akaandika sentensi tatu: dalili ni uchovu, madoa yasiyo na sababu na fizi kutoka damu; dirisha lifunguliwe; damu ipimwe. Kila moja na chanzo chake. Kifutio hakugusa kitu. Aliandika neno moja tu: "Asante."

Haikupita muda, mteja mmoja alibishana na kaka kuhusu gundi. Kaka, ambaye hakubali kushindwa, akalitafuta kwenye simu neno "benzeni" lililoandikwa kwenye kopo la gundi ili amkomeshe. Tukamwona anaingia sebuleni bila hata kuvua aproni.

"Mke wangu, hebu soma hapa. Hawa wataalamu wananizungumzia mimi!"

Wifi alisoma maneno yake mwenyewe, taratibu. "Naona."

"Na wewe mwalimu mzima, umekaa kimya!"

Nilifungua mdomo. Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Hospitali tulikwenda wote watatu. Daktari alisema damu imepungua sana, lakini amewahi. Gundi ile aiache, na atatibiwa.

"Wengi huja wakiwa wamechelewa," alisema. "Wewe nani alikushtua?"

"Nilisoma mwenyewe," kaka akajibu, kifua mbele.

Mimi nilikasirika, tena sana. Wifi alikuwa ameukumbatia mkono wa kaka kwa mikono miwili. "Kweli, daktari," alisema. "Anapenda sana kusoma."