Rangi Chini ya Nati

Kosa langu la mapema kabisa katika kazi ya magari lilikuwa kupaka rangi mahali ambapo chuma kinatakiwa kugusana na chuma.

Nilikuwa utingo wa lori la kununulia pamba, Bariadi, miaka ile soko huria lilipoanza na ushirika ukaacha kuwa mnunuzi pekee. Kila mwenye lori na mfuko wa noti alijiita kampuni. Tajiri wangu alinunua tela kuukuu la ushirika, akataka lionekane jipya.

"Paka kila mahali," aliniambia. "Nisione doa hata moja la ushirika."

Nikapaka. Mimi kitu nikikianza hakinipi usingizi mpaka kiwe safi. Nilifungua magurudumu, nikapaka rimu ndani na nje, nikapaka hata vishimo ambamo nati hukaa, mara mbili, zikang'aa kama sahani. Rangi iliniishia kabla ya gurudumu la nyuma upande wa kulia, na nililionea aibu na kutu yake. Kisha nikakaza nati kwa mkato wa msalaba, hii halafu ya mkabala wake, kama nilivyojifunza kwa kuwachungulia mafundi na kutukanwa nao. Nikazirudia zote. Nikalala nikijiuliza kama kweli nimezirudia.

Safari ya kwanza tulipakia kijijini kwetu. Juu ya pamba walipanda akina mama waliokuwa wanakwenda Lamadi kufuata dagaa, akiwemo shangazi yangu, ambaye sisi nyumbani tunamwita sengi. Mjane mmoja mzee, jirani yetu, alikuja akihema wakati injini imeshawaka.

"Limejaa, bibi," dereva alimwambia. "Subiri kesho."

"Haya, nendeni," akasema. "Mtafika mnapofika."

Hayo tu. Mtu aliyechoka na aliyeachwa angesema nini kingine?

Hatukufika Lamadi. Gurudumu la mbele la kushoto la tela lilichomoka, likatupita, likaenda kulala kwenye majaruba ya mpunga. Tela likainama, pamba ikamwagika na akina mama wakamwagika nayo. Wengi hawakuumia kwa sababu waliangukia pamba. Sengi aliangukia mkono, ukavunjika.

Wakati wenzangu wanakusanya pamba, mimi niliyakagua magurudumu. Nati zote zilikuwa zimelegea, na kuzunguka kila tundu rangi ilikuwa imesagika na kubanduka kama utando wa maziwa. Nati za gurudumu lenye kutu peke yake zilikuwa zimekaza vilevile. Nikaelewa palepale. Nati zangu zilibana rangi. Rangi iliposagika, zikabaki hazina cha kubana.

Nilimweleza tajiri. Alicheka mpaka akakohoa.

"Rangi imeng'oa gurudumu?"

"Nipe nusu siku niikwangue, mzee. Halafu tukianza safari tusimame kidogo njiani, nizikaze tena."

"Wenzetu wako vijijini tangu alfajiri. Soko huria likusubiri wewe ukwangue?" Akafungua mlango wa lori. "Na isitoshe, huko kwenu si wameshampata aliyefanya? Basi."

Kwenye hilo "basi" ndipo hasira yangu ilipoanzia, na haijaisha. Walikuwa wamempata kweli. Maneno ya yule mjane yalishazunguka kijiji kizima: mtafika mnapofika. Macho yake mekundu ya moshi wa miaka yote yakawa ushahidi. Usukumani kila mtu anajua bibi anayetajwa kuwa mchawi anaweza kufanywa nini.

Naandika na hili, ingawa linanichoma. Niliposikia anayelaumiwa ni yeye, nilipumua. Siku nzima nilitembea mwepesi kwa sababu kosa langu lilikuwa limebebwa na bibi mjane.

Tuliporudi kijijini kununua tena, tela lilikuwa bado na rangi yangu. Asubuhi ile nilikaza kila nati mbele ya dereva, akanitania: "Dogo, kaza na za kichwa chako." Njia nzima nilitoa shingo nje nikiyatazama magurudumu.

Watu walikuwa wamejaa penye mizani ya pamba. Nikawasalimu, "Mwangaluka." Wachache waliitikia. Usiku wa kuamkia siku hiyo paa la mjane lilikuwa limepigwa mawe. Kijana mmoja alikuwa anasimulia huku akicheka. Sengi alisimama karibu yake, mkono umefungwa vibao.

"Bibi yule kwenye tela hapandi," sengi alisema. "Na hapa kijijini hakai. Aondoke leo, la sivyo vijana wataona la kumfanya."

Nikachukua spana, nikamshika mkono wake mzima.

"Sengi, njoo ufungue hii."

"Mimi? Na mkono mmoja?"

"Huo huo."

Nikaiweka spana kwenye nati ya gurudumu la kushoto. Akaisukuma kama mtu anayefukuza kuku. Nati ikazunguka. Watu wakaguna. Nikamwita yule kijana wa mawe, nikampeleka kwenye gurudumu lenye kutu. Akavuta. Akapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili. Haikusogea.

"Zote nilizikaza leo asubuhi, mkono huu huu," nikasema. "Hizi zina rangi, ile haina. Rangi nilipaka mimi. Mkono wako nimeuvunja mimi, sengi, si yule mama."

"Yaani umepaka rangi kila mahali, mtoto wa kaka," sengi akasema taratibu, "mpaka na kwenye mfupa wangu?"

Mmoja akacheka, wengine hawakucheka. Mzee mmoja akauliza, "Na rangi nani aliifanya iwe laini?" Nilitaka kumrushia spana. Tajiri, aliyekuwa amekuja nasi, akanifokea kwamba nimemharibia jina mbele ya wauzaji, nishuke kwenye gari lake nisirudi. Nilikuwa nimeshashuka. Nikazifungua nati zote za magurudumu yenye rangi, nikazifunga kwenye shati langu, nikakaa chini kukwangua. Alitukana mpaka akachoka. Bila nati tela halikuwa na pa kwenda. Nilipomaliza na kukaza, wakaondoka bila mimi.

Sengi alikwenda mwenyewe kwa yule mjane. Yule mama alikuwa ameshafunga mzigo wake, akaenda kwa binti yake Nyalikungu. Hakuna aliyemfuata kumwomba msamaha, hata mimi. Nilijiambia nitakwenda nikipata nauli. Nauli nilipata.

Sasa nina banda langu dogo pale Bariadi, na matela ya pamba huletwa kwangu kabla ya msimu. Sipaki rangi panapokaa nati, na mwenye tela asiyekubali kusimama njiani ili nati zikazwe tena namrudishia tela lake bila kuligusa. Gurudumu likichomoka popote katika wilaya hii, huwa nakwenda kuliangalia kabla watu hawajaanza kutaja jina la mtu.