Kitenzi Kimoja cha Fundi Rajabu

Enzi zetu pale mtaani Jabe, Kihispania tulijifunza kwenye kamba ya kuruka. Msicheke. Watoto wa leo, kama binti yangu Nadia, wanajifunza kwa simu wakiwa wamelala kwenye kochi, na simu inawapigia kengele ya pongezi kila wakipata jibu. Sisi tuliruka wawili wawili, vumbi hadi magotini, tukiimba perdone, perdones, perdone, perdonemos, perdonen. Aliyejikwaa kwenye perdonemos, maana ndiyo ndefu, alitoka akashike kamba.

Mwalimu wetu alikuwa Fundi Rajabu, mtengeneza redio, tuliyekaa naye parsela moja, nyumba zetu zikizunguka ua mmoja. Ujanani alisomea umeme Kuba. Alirudi na cheti, suti ya kijivu, na picha ya mtoto mchanga, Yamila, binti yake aliyemwacha kule kwa mama yake. Aliahidi kwenda kumwona. Hakwenda. Miaka ikapita, suti ikambana, na barua akaacha kuandika kwa aibu. Hayo tuliyajua kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa, kwa kujifanya hatusikii.

Jumamosi, tukishamaliza ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, za mawese, midomo bado inang'aa mafuta, alituita kibarazani. Aliogopa lugha ingemtoka kabla hajaongea na mwanawe, na mjini hakuwa na mtu mwingine wa kuisema naye. Sisi tulitaka maneno ya mpira. Yeye alikuwa na kitenzi kimoja tu, kusamehe.

"Kama mutu anasamehe kweli, unasema perdona," alitueleza. "Kama we unataka tu, yeye hajakubali, unasema perdone. Ni kama kwetu: anasamehe, asamehe."

Nilimwuliza kwa nini yeye hatufundishi vitenzi vingine, kula au kucheza. Akaendelea kukwangua waya wa redio.

"Iyi kwanza. Ingine itakuja."

Halafu kijana mmoja wa mtaani kwetu akapata nafasi ya kusoma kule kule Kuba, akakubali kubeba kaseti. Enzi zile aliye mbali alitumiwa sauti kwenye kaseti, na Fundi Rajabu alisema neno lake halifai karatasi, lazima lisikike. Alinunua kaseti mpya, akatuweka mkekani, na kwa wiki nzima alitembea uani akijisemea: Quiero que me perdones. Nataka unisamehe.

Siku ya kurekodi, parsela nzima ilitoka. Kwetu huwezi kuanza na shida yako. Kwanza salamu, na mkubwa ndiye anayeanza. Bibi yangu akaishika redio ya kaseti kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni.

"Mutoto wetu, ni mi, bibi yako wa Jabe. Uko muzima? Mama yako iko muzima? Mvua inanyesha kule?"

Akasogeza sikio redioni kusubiri jibu. Hatukuthubutu kucheka. Baada yake mama yangu, baada yake mke wa shehe na jirani zake wawili, kisha mama mmoja wa mtaa wa Ngagara aliyekuja kuchukua redio yake akaona si adabu kupita bila kumsalimia mtoto wa watu. Kaseti iligeuzwa, salamu zikaendelea. Fundi Rajabu alisimama pembeni, jasho likimtoka, akisema tu, "Asante, mama. Asante." Angewezaje kumkata mkubwa? Alipopewa nafasi alikohoa, akaanza: "Yamila, hija," yaani binti yangu, "quiero que me..." Kitufe kikaruka, tak, kabla ya perdones. Utepe ulikuwa umekwisha.

Sisi watoto tulicheka hadi tukalala chini. Naye alicheka kidogo, akaingia ndani. Kijana alikuwa akisafiri siku hiyo hiyo, teksi ya uwanja wa ndege inamsubiri, akaondoka na kaseti ilivyo. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile naona haya.

Ulipita karibu mwaka kabla ya kijana kurudi likizo na kaseti nyingine. Tukasogea wote. Sauti ya msichana, nyembamba, ya haraka: "Papi, ¿tú quieres que yo qué?" Fundi Rajabu akasimamisha redio. Tulipomwomba atafsiri alitutazama kana kwamba sisi ndio tuliouliza.

"Anasema, baba, unataka mi nini?"

Iliyobaki yote ilikuwa salamu. Nyanya yake, jirani, muuza mikate, mmoja baada ya mwingine. Maskini mtoto, alidhani ndivyo barua ya kaseti inavyotakiwa kuwa kwa watu wa baba yake.

Kijana alipokaribia kuondoka, Fundi Rajabu alitoa tena redio. Bibi akajifunga kanga vizuri, akanyoosha mikono kuipokea. Fundi akapiga goti mbele yake.

"Bibi, unisamehe. Leo mi nitaanza."

Sijawahi kuona mtu mzima akiongea kabla ya salamu za wakubwa, na Bibi, ambaye kwa kosa dogo kuliko hilo alitufinya masikio, alirudi mkekani akaketi. Fundi alibonyeza, akasema sentensi yake yote, mara mbili. Ndipo akampa Bibi redio, amsalimie mtoto.

Jibu lilikuja kwa posta miezi mingi baadaye. Hilo alilisikiliza peke yake, mlango umefungwa, nasi nje tumeshika kamba hakuna anayeruka. Sijui Yamila alisema nini. Najua Jumamosi iliyofuata Fundi Rajabu alitoka amenyoa, akaketi kibarazani, akasema kitenzi kile tunakijua sasa, tukiache. Leo tunachukua kutembelea. Visite, visites, visite.

Juzi nilimweleza Nadia hayo, hapa mtaani Mutanga Nord, akiwa na simu mkononi. Alisema simu yake inampa vitenzi vipya kila siku. Hongera yake. Sisi tulikaa na kimoja karibu miaka miwili, hadi kilipomaliza kazi yake.